Kukimbia Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza, na walioanza wakaacha

Maswali haya ndiyo tunayoulizwa sana baada ya mazoezi ya asubuhi, watu wakiwa wamekaa ukingoni mwa barabara wanakausha jasho. Mengine huulizwa mbele ya wote, mengine mtu hukuvuta pembeni. Majibu ni ya mtu wa kawaida wa Unguja au Pemba anayetafuta afya yake, awe hajawahi kushika mbio au ameshika mara nyingi akaacha. Utaona jambo moja linajirudia: kimbia polepole kiasi cha kuweza kurudi keshokutwa. Faida zote za mbio ziko katika huko kurudi.

Nikianza kukimbia nitapata nini hasa?

Wengi hutazamia kupungua uzito kwanza. Kinachotangulia aghlabu ni usingizi. Baada ya wiki mbili tatu unalala mapema, unalala fofofo, na adhana ya alfajiri inakukuta umeshatosheka. Baada ya hapo inakuja hali ya moyo. Mtu aliyetoka nyumbani amebeba kero za kazi au fikra za deni anarudi kifua kimefunguka, na hilo lina sababu yake: mwili ukienda mbio za kiasi hutoa kemikali zinazopunguza maumivu na kutuliza wasiwasi. Deni liko palepale, ila unalikabili ukiwa na akili iliyotulia. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayotajwa kidogo kuliko zote.

Kisha moyo wenyewe. Moyo ni msuli, na ukizoezwa kila pigo lake husukuma damu nyingi zaidi, kwa hivyo hauhitaji kupiga mara nyingi. Mtu mzima aliyepumzika mapigo yake huwa baina ya 60 na 100 kwa dakika. Wanaokimbia kwa miaka wengi wao hushuka chini ya 60. Unaweza kulishuhudia hili bila ya kifaa chochote. Asubuhi kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, andika. Rudia baada ya miezi miwili.

Sukari nayo. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, homoni inayoshusha sukari, inapokuwa haifanyi kazi vizuri, na athari hiyo hubaki kwa siku nzima au zaidi baada ya kumaliza. Ndiyo maana mbio fupi mara tatu au nne kwa wiki zina faida kuliko kujitesa Jumapili peke yake. Sisi tunaokula wali, boflo, maandazi na chai ya sukari nyingi tunalihitaji hili khasa. Presha kwa mwenye nayo hushuka pia, na mifupa hupata nguvu kwa sababu hujijenga pale inapobebeshwa uzito wa mwili hatua kwa hatua.

Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu, kama kukimbia, pamoja na siku mbili za kutia nguvu misuli. Dakika 25 mara tatu kwa wiki zinakufikisha kwenye 75. Si nyingi kuliko muda unaokaa barazani.

Kitambi kitaondoka?

Kitapungua, lakini si kwa mbio peke yake. Kwa hesabu ya haraka, mtu hutumia kama kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita anayokimbia. Mwenye kilo 70 akimaliza kilomita 5 ametumia kama 350. Chapati moja ya mafuta na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari vinazirudisha zote kabla hujavua raba. Kwa hivyo sahani nayo ibadilike: wali upungue, mboga na samaki waongezeke, soda ziondoke.

Hata hivyo usiitegemee mizani. Mbio hupunguza mafuta yaliyojificha ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yenye madhara. Yanaweza kupungua na mizani isitikisike. Pima kiuno kwa tepu ya fundi cherahani mara moja kwa mwezi, basi.

Tangu skuli sijakimbia. Nianzie wapi?

Anza kwa kutembea. Wiki mbili za mwanzo tembea kwa kasi dakika 30, siku nne katika wiki. Wiki ya tatu changanya: kimbia dakika moja, tembea dakika mbili, rudia mara nane. Ukiona hilo limekuwa jepesi, kimbia dakika mbili na tembea mbili. Kisha tatu kwa moja. Kisha tano kwa moja. Hakuna anayekukimbiza. Ngazi moja ikikuwia nzito, ibakie wiki mbili. Wengi wanaofuata mwendo huu hufika mwezi wa tatu wakiwa wanakimbia dakika 25 mfululizo, na wao wenyewe hawaamini.

Kasi ya kukimbilia ni ile inayokuwezesha kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kama uko peke yako, leta uradi kwa sauti ya chini. Maneno yakianza kukatika, punguza. Utajiona unakwenda mwendo wa kobe na watoto wanaokwenda chuoni watakupita. Waache wapite.

Nasisitiza upole huu kwa sababu moyo na mapafu huzoea haraka, ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huchukua miezi. Katikati ya hapo ndipo watu huumia. Mwezi wa pili pumzi imekuja, mtu anahisi anaweza kufika Bububu na kurudi, miguu bado haijawa tayari kumchukua. Pumzisha siku moja baina ya mbio na mbio, na dakika tano za mwanzo ziwe za kutembea siku zote.

Nina presha na nimeshatimia miaka 55. Mbio zinanifaa?

Mzee wangu, aghlabu zinakufaa, lakini pitia kituo cha afya kwanza. Pima presha na sukari, mwambie daktari unataka kufanya nini. Presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi ukiwa umepumzika, usikimbie mpaka ishuke kwa matibabu. Na dawa usiziache kwa sababu umeanza mazoezi. Daktari ndiye atakayezipunguza akiona vipimo.

Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge vinavyoshusha sukari ajipime kabla ya kutoka, awe na tende tatu nne au glukosi mfukoni, na akirudi akague nyayo zake, kwani lengelenge dogo usilolihisi linaweza kuwa donda. Mwenye pumu atoke na dawa yake ya kuvuta. Mwenye selimundu asianze kabisa kabla ya kuzungumza na daktari anayemtibu, maana kiu, joto na kujichosha kupita kiasi vinaweza kumletea maumivu makali. Mjamzito ambaye hakuwa akikimbia kabla aendelee na kutembea.

Kwa yeyote yule: maumivu ya kifua, pumzi kukata kwa namna usiyoizoea, kizunguzungu au kutaka kuzimia ni amri ya kusimama na kwenda spitali siku hiyohiyo.

Na kutembea kwa kasi ni mazoezi kamili. Tunao wazee katika vikundi wasiokimbia hata hatua moja na afya zao zimebadilika.

Si wanasema mbio zinamaliza magoti?

Wanasema, na hofu hiyo imewaweka wengi vibarazani. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba miongoni mwa wanaokimbia kwa ajili ya afya, waliokuwa na ugonjwa wa kusagika magoti au nyonga walikuwa kama asilimia 3.5. Miongoni mwa watu wasiokimbia walikuwa asilimia 10.2. Waliozidi wote walikuwa wanariadha wa mashindano, asilimia 13.3. Hesabu hizi peke yake hazithibitishi kwamba mbio hulinda magoti, kwani wakimbiaji wengi pia ni wepesi wa mwili, lakini zinaondoa ile dhana kwamba mbio za kiasi zinayaua. Gegedu la goti halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake pale linapobanwa na kuachiwa, na kutembea na kukimbia hufanya hivyo.

Goti lililokwisha kuumia zamani, kwa mpira au ajali ya pikipiki, ni mas-ala mengine. Lichunguzwe kwanza.

Saa ngapi nzuri, na joto letu hili?

Alfajiri. Jua kwetu huchomoza baina ya saa 12 kasoro kidogo mwezi wa Novemba na saa 12 na nusu na kitu mwezi wa Julai, kwa hivyo anayetoka mara baada ya swala anapata nusu saa ya ubaridi kabla jua halijaanza kuuma. Jioni pia inafaa, kuanzia saa 11, ila barabara zina gari nyingi na ardhi imehifadhi joto la mchana.

Msimu nao una lugha yake. Kusi, khasa kuanzia Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ya kuanzia: hewa nyepesi, mvua kidogo, usiku baridi. Ukianza Juni, kaskazi itakukuta Disemba ukiwa umeshakomaa. Kaskazi ni ngumu. Joto lipo, na unyevu wa hewa hulizuia jasho lisikauke, na jasho lisilokauka halikupoozi. Mwili huchukua kama siku 10 hadi 14 kulizoea joto: damu huongezeka maji, jasho huanza mapema. Katika siku hizo punguza muda na kasi, usione haya. Ukihisi baridi katikati ya joto, kichwa kinagonga, umechanganyikiwa au ngozi inasisimka, simama kivulini, jimwagie maji, usibaki peke yako. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, apoozwe kwa maji hapo hapo huku mnatafuta gari ya kumpeleka spitali.

Masika, Machi hadi Mei, huwavunja watu wengi. Mvua yenyewe haina neno ukiwa umeshalowa. Hatari ni radi, na madimbwi yanayoficha mashimo. Ikinyesha sana, fanya mazoezi ndani: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda na kushuka ngazi, kuruka kamba.

Nikimbilie wapi?

Mjini, wengi huzunguka Maisara na Mnazi Mmoja, ambako kuna uwazi na upepo wa bahari, na utakuta wenzako. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinavutia lakini mawe yake huteleza asubuhi na pikipiki hutokea pasipo na taarifa. Tembea humo, kimbilia nje. Wa Michenzani, Kikwajuni na Kilimani watoke mapema kabla gari za abiria hazijajaa. Kwenye barabara isiyo na njia ya miguu kimbia upande wa kulia ili gari zikujie usoni uzione, na vaa nguo nyeupe au ya kung'aa.

Shamba, njia za ndani za mchanga na udongo ni bora kuliko lami kwa miguu na kwa roho. Barabara inayopita Jozani ina kivuli kizuri sana, ila kuna magari ya wageni na kima punju wanaovuka. Kuwa macho kwa yote mawili.

Pwani kuna mambo yake. Mchanga mkavu, laini, ni kazi: kukimbia juu yake hutaka nguvu kama mara 1.6 ya kukimbia mahali pagumu. Kwa anayeanza, dakika kumi zinatosha kuumiza mashavu ya miguu. Kimbia kwenye mchanga uliolowa maji yakishatoka, na hapo huna budi kuyajua maji. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hutoka mbali sana na hurudi kwa haraka. Usije ukajikuta huna njia ya kurudia. Chagua pahala pasipo mteremko, kwani ukikimbia upande mmoja tu kwenye ufukwe ulioinama, nyonga na kifundo cha mguu hulalamika. Paje, Bwejuu na Jambiani pana uwanda mpana, ila kina mama wana mashamba yao ya mwani. Pita mbali na kamba zao, na salimia.

Pemba ni vilima. Anayetoka Chake au Wete hana pa kwenda ila kupanda na kushuka, na hilo ni neema. Mlima hukupa nguvu ya miguu na pumzi kwa muda mfupi kuliko uwanda. Panda kwa hatua fupi, kiwiliwili kimeinama kidogo, na ukichoka tembea; kushuka ndiko kunakoumiza mapaja, basi shuka polepole. Njia ya kwenda Kigomasha ikipita msitu wa Ngezi sina mfano wake hapa visiwani. Msimu wa karafuu zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, pisha upande wa pili, maana hiyo ni ada ya skuli ya watoto wa mtu.

Raba za bei gani?

Bei si hoja. Mitumba ya Darajani inatosha ukijua kuchagua. Bonyeza soli kwa dole gumba: ikiwa ngumu kama ubao imeshakufa. Tazama kisigino, kikiwa kimeliwa upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alishaumaliza mguu wake humo. Iwe na nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu, kwa sababu mguu huvimba kwenye joto. Njumu za mpira si za lami. Raba nyingi hudumu baina ya kilomita 500 na 800. Paka vaselini baina ya mapaja na kwapani, na vaa soksi zisizo na mshono mnene.

Mimi mwanamke. Nivae nini, na watu si watasema?

Dada, wanawake ndio waliojaza vikundi vingi vya mazoezi hapa kwetu, mabinti, mama na mabibi. Watu walisema, wakachoka.

Mavazi hayakuzuii. Suruali pana ya traki, gauni jepesi au fulana ya mikono mirefu inayofika magotini, na mtandio uliobanwa vizuri kwa ndani. Epuka pamba nzito, maana hunywa jasho ikawa mzigo. Kitambaa kama cha jezi hukauka haraka na hakikushiki mwilini. Nguo ya rangi nyepesi ni baridi kuliko nyeusi jua likishatoka. Sidiria ya michezo, iliyobana sawasawa, ni muhimu kama raba; bila ya hiyo wengi huacha kwa maumivu wasiyoyasema.

Usalama ni jambo la kweli na halistahili kupuuzwa. Toka na mwenzako, khasa kabla ya kupambazuka. Mwambie mtu wa nyumbani njia utakayopita. Wakikupigia kelele njiani usibishane nao, lakini wakirudia, wafahamishe viongozi wa kikundi au sheha, kwa sababu ni wajibu wa mtaa mzima kuifanya njia iwe salama. Na kaka zetu mnaosoma hapa: mkiwa mnakimbia na mnaona mwanamke mbele peke yake gizani, pisheni mbali na mtoe salamu ili ajue nani anakuja.

Siku za hedhi hazikatazi mazoezi. Fanya unachoweza, wengine maumivu ya tumbo hupungua kwa kutembea. Aliyejifungua asubiri mpaka mkunga au daktari amruhusu, kisha aanze upya kwa kutembea.

Nile nini kabla na baada?

Asubuhi, kwa mbio zisizozidi nusu saa, bilauri ya maji na tende moja mbili zinatosha. Kama umekula mlo kamili subiri saa mbili hadi tatu, la sivyo kichomi cha ubavuni kitakusimamisha. Baada yake kunywa maji, na dafu ni zuri sana kwa sababu lina potasiamu na maji kwa pamoja. Kisha chai: mayai, maharage, muhogo wa kuchemsha, ndizi, uji. Tazama mkojo wako. Ukiwa wa rangi ya chai kavu unahitaji maji zaidi.

Ramadhani niache?

Hapana, punguza. Walio wengi hutoka kama nusu saa hadi dakika 40 kabla ya Magharibi, mwendo wa polepole kabisa, ili wakirudi wakute futari. Wengine hutoka baada ya tarawehe wakiwa wameshakunywa maji, na kwa afya hiyo ni bora zaidi, ingawa usingizi unaliwa. Kukimbia mchana wa funga katika jua sikushauri mtu. Lengo la mwezi huo ni kutopoteza ulichokipata. Dakika 20 mara tatu kwa wiki zinatosha kwa hilo, na Shawwal utaendelea ulipoachia. Angalia tu hizo siku za sikukuu, maana mabakuli ya tambi na sahani za pilau hazina mlango wa kutokea.

Nimeanza mara nyingi nikaacha. Nifanye nini safari hii?

Hili ndilo swali lenyewe, na anayeliuliza aghlabu huinamisha kichwa. Usiinamishe. Aliyeanza mara nyingi anajua kuanza. Kinachobaki ni kutengeneza mazingira ya kuendelea.

Kwanza, usiitegemee hamu. Hamu ya siku ya kwanza ni kubwa na wiki ya tatu haipo, kwa kila mtu. Fungamanisha mbio na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kufikiri. Kwetu sisi hilo ni rahisi kuliko watu wengi duniani, kwa kuwa siku yetu imegawika kwa swala tano. "Nikitoka msikitini alfajiri naelekea Maisara" ni mpango. "Nitakimbia nikipata nafasi" si mpango. Raba na nguo ziwekwe mlangoni tangu usiku.

Pili, jua mazoea huchukua muda gani. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 wanaojenga zoea jipya, wakakuta kwa wastani huchukua siku 66 mpaka jambo lianze kujiendea lenyewe, ila baina ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia siku 18 hadi 254. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Lisome tena hilo la mwisho. Watu wengi huacha kwa sababu walikosa siku mbili wakajiona wameshindwa, na kumbe hawajashindwa.

Maana hapa kwetu siku utazikosa tu. Kutakuwa na arusi, kutakuwa na maziko, mgonjwa atalazwa utakwenda kumlalia, utasafiri na boti kwenda Pemba. Hayo ni maisha na yana haki zao. Pumzi huanza kupungua baada ya kama wiki mbili za kutofanya chochote, na hurudi haraka kuliko ulivyoipata mara ya kwanza. Ukirudi, anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya kwa muda ule ule uliokosa.

Tatu, siku usiyojisikia, jiwekee sharti la dakika kumi. Vaa, toka, nenda dakika kumi. Zikiisha na bado hutaki, rudi nyumbani na umetimiza. Mara nyingi hutarudi.

Nne, tafuta sababu iliyo yako. "Afya" ni neno pana mno, haliwezi kumtoa mtu kitandani. Mmoja wetu anataka kupanda ngazi za majumba ya Michenzani bila kusimama kila ghorofa. Mwengine mama yake alikatwa mguu kwa kisukari. Mwengine anataka nusu saa ya siku ambayo hakuna anayemwita. Sababu ndogo inayokugusa ina nguvu kuliko kubwa inayosifiwa.

Tano, andika. Kalenda ya ukutani na kalamu, alama kila siku uliyotoka. Ukiona umechoshwa na njia ile ile, ibadilishe, au igeuze nyuma mbele. Na usitangaze malengo makubwa mwanzoni, kwani maneno ya watu ukichelewa kuyafikia ni mzigo ambao hukuuhitaji.

Peke yangu au na kikundi?

Anayeanza, kikundi. Karibu kila mtaa mjini una kikundi cha mazoezi, na vya mashamba na Pemba vipo. Kila Januari 1 hukusanyika kwa wingi katika siku ya mazoezi, na hiyo ni nafasi nzuri ya kuviona na kuuliza. Kikundi ni upatu: siku yako huwezi kuiruka kwa sababu wenzako wamesimama wanakusubiri. Mchakamchaka wenyewe, na nyimbo zake, unakusahaulisha umbali.

Tatizo la vikundi ni kasi. Walio mbele huvuta, wa nyuma huona haya, wakazidisha, wakaumia. Kikundi kizuri kina mtu mzoefu anayekimbia wa mwisho makusudi. Kama chenu hakina, liombe hilo, au jitolee wewe. Ukishakomaa, siku moja kwa wiki toka peke yako. Kuna mambo hufikiriwa vizuri hapo tu.

Nahitaji saa ya kupimia au programu ya simu?

Huhitaji. Pima kwa dakika. Simu ina faida ukitaka kujua umbali, ila wapo wanaoanza kuikimbilia namba badala ya afya. Masikioni usiweke kitu barabarani.

Maumivu yapi ni ya kawaida?

Misuli kuuma siku moja hadi tatu baada ya zoezi jipya, pande zote mbili, ikipungua ukishapasha, ni kawaida. Maumivu ya ugoko ni dalili umeongeza haraka. Punguza nusu kwa wiki mbili na uhamie njia ya udongo. Maumivu ya kisigino au kano la nyuma ya mguu unapokanyaga chini asubuhi yanahitaji mapumziko na kunyoosha mashavu ya miguu taratibu. Ukiweza kuonyesha kwa kidole kimoja pale mfupa unapouma, au maumivu yanakuamsha usiku, au unachechemea, acha na uende ukaangaliwe. Usikandwe kwa nguvu kabla hujajua umeumia nini.

Lini niko tayari kwa mashindano?

Ukiweza kukimbia dakika 30 mara tatu kwa wiki kwa mwezi mzima, kilomita 5 ziko ndani ya uwezo wako, na kwenye mashindano mengi ya marathoni zipo mbio za umbali huo. Nusu marathoni, kilomita 21.1, taka miezi mingine mitano sita. Marathoni kamili, kilomita 42.195, sikushauri mtu katika mwaka wake wa kwanza.

Ukisimama kwenye mstari, kaa nyuma. Kila mtu huanza kwa kasi asiyoiweza na kilomita ya tatu utawakuta wanatembea. Septemba 2025 huko Tokyo, mkimbiaji wetu wa marathoni Alphonce Simbu alitulia na kundi kwa zaidi ya saa mbili, akaingia uwanjani akiwa bado na mbio za mwisho, akampita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Na kama kwako siku hiyo itakuwa ya taabu, Mtanzania John Stephen Akhwari aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akafika wa mwisho, baada ya kukimbia kwa saa 3 na dakika 25, na hadi leo wanaomkumbuka ni wengi kuliko wanaomkumbuka aliyeshinda. Lakini wewe, goti likiuma namna ile, toka pembeni. Mashindano ya mwaka ujao yapo. Wiki ya mbio usijaribu raba mpya wala chakula kipya, punguza mazoezi kwa nusu, na usiku wake pinisha namba yako kwenye fulana kabla ya kulala ili asubuhi usitafute pini.